Chumba cha Magongo na Kiti cha Bwana Mpya

Changamwe,
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpenzi Wakesho,

Hujambo, roho yangu? Kifua cha mama yangu kimepoa? Mvua imewafikia huko mlimani au bado mnatazama mawingu? Mimi mwili u mzima. Moyo ndio uliogawanyika: nusu niliiacha kwenu wiki ile ya harusi, na nusu iliyokuja nami haifai kwa kazi. Juzi nilijikuta nimeandika jina lako mara nne pembeni mwa hati ya magunia ya kahawa, nikalazimika kuinakili yote upya. Sikujuta.

Barua yako nimeisoma hata karatasi imelegea mikunjoni. Lakini ilinifikia ikiwa imetiwa gundi mara mbili. Gundi ya kwanza ilikuwa yako. Ya pili ilinuka uji. Barua zote za ghala hupita mezani kwa karani mkuu, Bwana Eliya, na asubuhi ile aliniamkia hivi: "Bwana harusi, mto umekwisha kutariziwa?" Habari za mto unaoutarizi uliniandikia mimi peke yangu. Tangu leo niandikie kwa mkono wa mwalimu wa kanisa letu hapa, si kwa anwani ya kazini.

Unakumbuka sharti la baba yako siku ya kuagana: "Binti yangu halali nyumba ya kupanga, mlango mmoja na watu asiowajua. Ukipata nyumba ya kazi yenye mlango wako na kufuli yako, njoo umchukue." Basi kampuni imejenga vyumba sita mtaa wa Magongo kwa watumishi wenye wake, kuta za mawe, kila kimoja na jiko nyuma. Niliahidiwa kimoja. Nimekwenda mara tatu kukichungulia dirishani. Nilikipanga kwa macho: hapa kitanda, hapa meza, hapa Wakesho anachana nywele, na mimi nimechelewa kazini kwa kumtazama. Hata kitambaa cha pazia nimenunua, cha maua ya rangi ya machungwa. Sasa nikueleze yaliyonipata, na unisome kwa utulivu.

Tangu vita viishe tumeletewa bwana mpya, aliyekuwa jeshini. Kazi yake si kahawa wala makonge, ni watu: kuwasikiliza na kuwaandika. Kabla yake, mfanyakazi mwenye neno alisimama juani nje ya kidirisha, kofia mkononi, akajibiwa na kidole cha karani. Bwana huyu amekiziba kidirisha. Ameweka kiti kizuri ndani, na buli la chai. Kila mtu huitwa peke yake na mlango hufungwa. Mimi ni mkalimani wake, na nilipewa maagizo: nimkalishe mtu kwanza, nishushe sauti, niulize habari za kwao kwa upole, ndipo nijaze karatasi yake: mke, watoto, mtu wa kuarifiwa akipatwa na jambo. Watu wamembandika jina Bwana Karibu.

Wanamwogopa kuliko yule wa zamani aliyekuwa akiwatukana. Siku moja niliwasikia nyuma ya mizani.

"Mzungu akikupa sukari yake, na sukari yenyewe ni ya kadi ya mgao, anataka nini?"

"Anataka jina la mkeo."

"La nini?"

"Alipe kodi ya kichwa na yeye."

"Sivyo. Sisi tutapelekwa Tanganyika kufanya kazi, na hawa wazungu wabaki na anwani za wake zetu."

Mara wakaniona. Kisha mmoja akasema, "Karibu, mkalimani, kaa," wakacheka wote. Nami nikaondoka nikijiuliza kama hawana haki. Mtu huweka kiti cha nini pale ambapo hapakuwa na kiti?

Jumatatu ya wiki iliyopita aliitwa Mzee Kitsao, mpima mizani, Mgiriama wa upande wa Kaloleni, mtu aliyewaona mabwana wote wakija na kuondoka. Nilifunga mlango. Nikasema polepole, "Kaa kwanza, mzee wangu." Akakaa ukingoni. Nikammiminia chai.

"Habari za nyumbani?"

"Njema, nadhani," akasema, macho kwa bwana.

"Mkeo anaitwa nani, mzee? Na mara ya mwisho ulimwona lini?"

Kikombe kikamponyoka. "Semeni basi," akasema. "Dama amekufa lini?"

Kabla sijafumbua kinywa alikuwa nje. Nilimwita, hakugeuka. Alikwenda kwa miguu hadi Mazeras, akapita, akaenda hadi kwao, akimlilia mkewe njia nzima. Alimkuta anatwanga mahindi. Dama alipomwona mumewe amejishika kichwa alitupa mchi akamwuliza, "Umefiwa na nani?"

Wewe, Wakesho, ungaliona siku ya kwanza. Kwetu na kwao, mtu huambiwa "kaa kwanza" wakati gani? Mlango hufungwa lini, sauti ikashushwa, watu wa nyumbani wakatajwa mmoja mmoja? Hivyo ndivyo mtu anavyopewa habari za msiba. Nami nimewafanyia hivyo watu zaidi ya thelathini, mimi niliyefika sekondari, nisitambue, kwa kuwa kichwani nilikuwa natundika pazia.

Mzee alirudi siku ya nne. Kanuni ya hapa haina huruma: siku tatu bila ruhusa, kipande chako cha kazi hutiwa sahihi ya kufukuzwa, na kwa umri wake nani angemwandika tena? Eliya akaniletea karatasi aliyokwisha kuipiga taipu. Ilisema kwamba mimi nilimfafanulia mzee kwa ukamilifu sababu ya kuitwa, naye akaondoka kwa ukaidi.

"Sahihi yako tu, bwana harusi."

"Bwana ndiye aliyeagiza?"

"Unauliza kama hakimu. Tia sahihi. Orodha ya vyumba naipiga taipu baada ya hii."

Nilikaa na kalamu mkononi. Nilifikiri labda Bwana Karibu ananipima, au Eliya ananitega, au wamepatana wote wawili. Nikifikiri hivyo, nilikuwa nakuona wewe mlangoni Magongo umeshika ufunguo. Nusura nitie sahihi, mke wangu. Sitakuficha hilo.

Lakini niliiacha karatasi pale, nikaingia kwa bwana bila kuitwa, nikamweleza kwamba kosa ni letu sisi wawili, la kiti na la ulimi wangu. Akaniuliza:

"Una maana kila aliyekaa hapa alidhani amefiwa?"

"Wale wa kwanza, bwana. Waliofuata walidhani wanaandikwa ili wafe wao."

Hakucheka. Aliandika neno katika daftari lake dogo, kisha akalifunika kwa kiganja.

Mzee Kitsao amerudishwa kwenye mizani yake. Nilimwendea kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatundika gunia kwenye ndoano, akasema, "Nasikia ulinitetea, mwanangu. Nani alikutuma?"

"Sikutumwa na mtu, mzee."

"Haya," akasema, akageukia gunia lake.

Ijumaa orodha ya vyumba ilibandikwa. Majina sita, langu halimo. Chumba changu kapewa shemeji yake Eliya, aliyeingia kazini baada yangu, na ambaye mke wake, kwa ninavyojua, bado anatafutwa. Nilimwuliza bwana. Kwa adabu zote alinijibu kwamba karani mkuu amemshauri ningoje hata niizoee kazi ya ukalimani. Sijui kama anayaamini hayo. Sijui lile neno la daftarini lilikuwa kosa lake au langu.

Kwa hiyo chumba hakuna, Wakesho, wala hakitakuwapo mwaka huu. Nimeona cha kupanga kwa mjane mmoja Mrabai, mama mcha Mungu: ukuta wa udongo, paa la makuti, mlango wa mbele ni wa wote, lakini wa chumba chenyewe una komeo. Ndiyo yale yale aliyoyakataa baba yako. Ningeweza kukuandikia kwamba mafundi wamechelewa, nanyi mngeamini. Sitaki. Umsomee baba yako habari hizi bila kumpunguzia neno. Ya mapenzi ruka, hayo si yake. Kisha uniandikie alivyosema, na chini yake uniandikie utakavyo wewe. Huku kila mtu ananiuliza nani kanituma. Nataka mmoja tu duniani asiyeniuliza.

Mpelekee shikamoo yangu mama yangu mzazi, na asikae kwenye moshi. Nisalimie shangazi Mghoi aliyekusuka siku ya harusi, kaka yako Mwadime fundi wa viatu, na mchungaji aliyetufungisha ndoa. Mwambie pete bado inanibana, na siivui.

Treni ya kutoka Voi hupita hapa Jumamosi. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa stesheni kila Jumamosi, uwe umeniandikia au hujaniandikia.

Ni mimi mumeo,
Mwakio