Gari Lililosimama Darajani

Jumamosi, 4 Machi

Leo nimeunguza shati la mteja wangu Mwalimu. Kola yote! Na kosa ni lake mwenyewe, maana ndiye aliyenishauri nifungue redio mchana. Opera mpya, moja kwa moja kutoka ukumbi mkubwa wa mjini. Nilimuuliza opera ndiyo nini hasa. Akasema ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna anayeongea, wote wanaimba. Hata wakiombana chumvi? Hata chumvi, akasema.

Kweli bwana. Waziri mmoja kaimba "funga mlango" mpaka nikamaliza kupiga pasi mikono yote miwili ya shati, mlango bado uko wazi. Nilicheka peke yangu hapa dobini. Watu wanakohoa ukumbini, mbao za jukwaa zinalia – unasikia kila kitu, kana kwamba umejificha chini ya kiti. Kisha kicheko kikaniisha. Hadithi yenyewe ni ile ya Waziri Mkuu aliyepinduliwa, na ndani yake yumo Dereva.

Dereva ni Baba yangu.

Jina hawakumpa, wamemwita Dereva tu. Lakini watu wa rika lake wote wanajua. Waziri Mkuu alikuwa anatoroshwa asubuhi, gari likasimama katikati ya daraja, askari wakamchukua, akafia kizuizini. Baba akasema gari liliharibika. Askari mmoja akaingia, akageuza ufunguo, likawaka palepale. Basi. Toka siku hiyo Baba ndiye aliyemuuza bosi wake. Shuleni niliitwa mtoto wa msaliti hadi nikazoea kuitika. Nikimuuliza yeye, jibu ni lilelile: "Liliharibika, mama." Halafu anakwenda kumwagilia maua.

Sehemu ya tatu ndiyo ya daraja. Wamefanya alisimama kwa makusudi au gari lilikufa? Nikaacha pasi juu ya kola, sikio redioni. Gari linakaribia, ngoma zinashuka… na mtangazaji akaingilia: opera imepitiliza muda wake, sasa tunakwenda uwanjani. Mpira! Nilitukana vibaya. Wanarudia Jumamosi ijayo.

Baba alikuwa uani. Sijui alisikia kiasi gani.

Jumapili, 5 Machi

Kaka kaja kula. Nilipomsimulia akaweka kijiko chini. Anataka nifiche redio, presha ya mzee isije ikapanda. Nifiche redio, kwani nimeiba? Nilimwambia nataka kujua inavyoisha. Akasema tunajua ilivyoisha, tumeishi nayo. Lakini redio sifichi.

Jumatatu, 6 Machi

Mwalimu kapokea habari za shati lake kiungwana, kanuna kidogo tu. Naye hakusikia mwisho. Kuna jambo linanisumbua: kwenye opera, ndani ya gari wako watatu. Waziri Mkuu nyuma, Dereva, na mwanamke – Katibu – kakaa mbele na Dereva. Mwanamke gani? Magazeti, vitabu vya shule, wambea wa mtaani, wote husema walikuwa wawili. Mwalimu, ambaye anafundisha muziki, anasema mtunzi lazima apate sauti ya kike, la sivyo ni madume matupu yanaunguruma. Inaingia akilini.

Jioni nikamtupia Baba kama utani. Eti redioni wamewapakizia mwanamke garini! Hakucheka. Kikombe kikabaki hewani.

"Amekaa wapi?"

Mbele, nikasema. Akamaliza chai yake, akaosha kikombe, akaingia chumbani.

Swali gani hilo? Mtu mwingine angeuliza ni mwanamke gani.

Alhamisi, 9 Machi

Tumepeleka mashuka hotelini. Nikamtazama Baba kama ndiyo kwanza namwona. Tangu daraja hajashika usukani, na kwenye kigari changu hakai mbele hata umlipe. Anakaa nyuma, katikati ya suti za watu, kama na yeye anapelekwa kwa mwenyewe. Lakini kabla sijawasha lazima alizunguke gari. Anagonga kila tairi kwa ncha ya kiatu, moja, mbili, tatu, nne, kisha anapiga boneti kofi dogo, kama anavyompiga mtoto mgongoni. Utotoni nilidhani madereva wote hufanya hivyo. Nimeshawauliza wengi. Hakuna.

Jumamosi, 11 Machi

Niandike kabla sijasahau.

Baba alileta kiti mlangoni mwa dobi, akajifanya ananyoosha henga za nguo zilizopinda. Sikumwambia kitu. Redio ikaanza. Sehemu ya kwanza, henga. Sehemu ya pili, henga. Moja aliinyoosha, akaipinda, akainyoosha tena.

Sehemu ya tatu inaanza kimya. Hata wakohoaji wamenyamaza. Kisha ngoma: ndu. Ndu. Ndu. Ndu. Halafu kofi moja la juu, jepesi.

Nilimgeukia Baba. Henga imemponyoka.

Ni matairi yale! Matairi manne na boneti. Mtunzi kayajua wapi? Baba hajawahi kumsimulia mtu, na alivyo, hata hajui kwamba anafanya. Ni lazima mtu alisimama pale asubuhi ile akamtazama.

Gari likafika darajani. Waziri Mkuu akaimba: simamisha gari. Dereva akakataa. Simamisha gari! Dereva akakataa. Akaimba mara ya tatu, vinanda vyote vikamfuata, na gari likasimama. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka lisimame! Askari walikuwa ng'ambo na bunduki, na hakutaka wapige gari lenye watu wawili wasio na hatia. Machozi yalikuwa yananitoka, nikajifuta kwa shati la mteja.

Baba akasema, taratibu, kama anaizungumzia redio:

"Mara mbili. Aliniambia mara mbili. Mara ya tatu hakusema, aliniwekea mkono begani."

Miaka yote hii. Kumbe nilikuwa nasubiri sentensi hiyo na sikuijua ilivyo.

Baada ya makofi walimhoji mtunzi. Ni mwanamke, anaongea haraka. Katibu hakumbuni, alisema. Ni mama mmoja mzee aliyemsimulia yote kwa sharti asimtaje. Kila onyesho anakuja, anakaa safu ya mwisho, anaondoka kabla taa hazijawashwa. Jumamosi ijayo ndilo onyesho la mwisho.

Baba akainuka. "Yu hai," akasema. Akaenda kwenye maua yake, lakini ndoo aliisahau.

Jumanne, 14 Machi

Amesema. Si kwa mkupuo, anatoa kipande wakati tunakunja taulo. Gari liliposimama, Waziri Mkuu aliwaagiza: semeni limeharibika, wasiulize nani kashuka. Katibu akashuka, akajichanganya na wanawake waliokuwa wanavuka na vikapu, akatembea bila kugeuka. Askari walipofika, garini walikuwa wawili. Walimhoji Baba miezi mingi, wakitaka kujua alikuwa na nani mwingine. Wawili tu, alijibu. Nyaraka za Waziri Mkuu alikuwa nazo yule mama, wangemmaliza.

Nikamuuliza: na serikali ilipobadilika, kwa nini hukusema? Hakujua kama yuko hai, kajificha au kaolewa na nani. Ataitangazaje habari ya mtu bila ruhusa yake?

Nilikasirika. Nimekasirika hata sasa. Nilimwambia, na sisi je? Mimi niliyepigwa mawe shuleni, kaka aliyenyimwa mchumba? Alikunja taulo mara nne, mpaka likawa kama kitabu.

"Nyinyi mlikuwa na mimi. Yeye hakuwa na mtu."

Niliondoka nikamwacha na mataulo yake. Nilirudi baadaye tukamalizia kukunja. Sijamsamehe vizuri. Ila nimempikia.

Alhamisi, 16 Machi

Nimempigia kaka simu nikamweleza. Akauliza tu kama mzee anakula vizuri. Akakata. Akapiga tena, akauliza kitu kilekile.

Mwalimu kaleta tiketi tatu, kwa njia gani sijui, wapigaji ala wenzake wako humo. Safu ya pili kutoka mwisho. Baba kasema haendi. Mahali pa watu wakubwa, na nguo hana. Hana nguo! Anakaa kwa dobi!

Nilimwambia hana haja ya kuongea na mtu. Akasema je, kama yule mama hataki kuonekana? Anataka sana kumwona, naona usoni. Na anaogopa kumwona.

Jumamosi, 18 Machi

Naandikia magotini, garini, bado tuko uani kwetu.

Baba katoka chumbani kavaa suti ya kijivu, kaipiga pasi mwenyewe. Akanyoosha mkono. Nikadhani anataka nimfunge kifungo. Alitaka ufunguo.

Nikamwambia leseni yake ilikufa zamani. Akasema ukumbi si mbali. Mwalimu kaangalia pembeni, kana kwamba kuna ndege wa ajabu juu ya paa. Nikampa.

Kazunguka gari. Moja, mbili, tatu, nne. Boneti.

Nikafungua mlango wa mbele nikae naye. Akanizuia kwa kiganja.

"Kaa nyuma, mama. Hapo tutarudi na mwenyewe, akikubali."

Nimekaa nyuma, katikati ya suti za watu. Kumbe huku ndiko anakokaa siku zote, unaona kisogo cha dereva tu.

Kageuza ufunguo. Limekohoa, limezima. Kageuza tena. Kimya. Mara ya tatu hata kukohoa hakuna. Halafu mabega ya Baba yakaanza kutikisika, nikaogopa, nikamshika bega. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Limeharibika, mama," anasema. "Safari hii limeharibika kweli. Nani ataniamini?"

Redio niliiacha inaongea dobini, naisikia kupitia dirishani. Mtangazaji anasema watu wanaingia, wengine wameshakaa, safu za nyuma zinajaa. Mwalimu kavua koti, kanitupia, yuko nyuma anasukuma na viatu vyake vya kung'aa. Baba kashusha kioo, anamwambia asukume upande wa kulia, alegeze kidogo, haya sasa. Nikishuka kusaidia nitachafuka, na nitashuka.

Tumeanza kusogea. Kiti cha mbele bado kitupu.