Bwana Tolsma na Jaribio la Kumi na Moja

Leeuwarden, 3 Machi 2014

Dada Froukje mpendwa,

Natumaini hujambo huko Uppsala na kikohozi kimekuachia. Mimi mzima wa mwili, ila usingizi hauji.

Alhamisi alikuja dirishani kwangu, hapa manispaa, mzee aitwaye Bwana Tolsma. Duka la dawa limemnyima dawa za moyo kwa sababu bima yake imefungwa, na imefungwa kwa sababu sisi tumemwandika marehemu. "Nishike mkono, kijana," aliniambia. "Au unaogopa mizimu?"

Nadhani aliyefariki ni Tolsma mwingine, na mtu hapa alikosea tarakimu mbili za namba ya uraia. Lakini mkuu wangu, Bibi Dijkhuis, anategemea lile jaribio letu la kukagua namba: zidisha kila tarakimu kwa uzito wake, jumlisha, gawanya kwa kumi na moja, isibaki kitu. "Namba yenye kosa haigawanyiki," alisema, mzee akisikia pale dirishani. "Hii inagawanyika. Kwa hiyo haina kosa. Huyo mzee akalete ushahidi kwamba yeye ni yeye." Anataka nitie sahihi barua ya kumkatalia.

Nahisi amekosea, ila sijui nimjibu nini. Bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nisaidie.

Mdogo wako,
Jelmer


Uppsala, 8 Machi 2014

Mdogo wangu Jelmer,

Kikohozi kimepona. Wewe je, unakula?

Kanuni inasema: namba ikiwa sahihi, inagawanyika. Ukitaka kuisema kwa namna nyingine bila kuibadilisha, sema: isipogawanyika, si sahihi. Hizo mbili ni kitu kimoja. Mkuu wako ameleta ya tatu: ikiwa si sahihi, haigawanyiki. Hiyo hakuna aliyeiahidi.

Mwambie hivi. Namba ikigawanyika kwa nne, inagawanyika kwa mbili. Ni sawasawa na kusema: isipogawanyika kwa mbili, haigawanyiki kwa nne. Sasa sita je? Haigawanyiki kwa nne, na kwa mbili inagawanyika vizuri tu.

Usitie sahihi. Na usikawie, moyo wa mzee hausubiri kikao.

Dada yako,
Froukje


Uppsala, 19 Machi 2014

Jelmer,

Hujambo? Mbona kimya? Ulisema naye? Mzee amepata dawa?

Dada yako


Leeuwarden, 23 Machi 2014

Dada yangu,

Nisamehe. Mimi mzima. Barua yako nilikaa nayo mfukoni, kila asubuhi nikisema leo, na kila asubuhi Bibi Dijkhuis akipita na uso wake ule.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa, nikapeleka keki kama ilivyo desturi. Wote walikaa duara, wakapeana mikono na kupongezana kwa ajili yangu. Bibi Dijkhuis akacheka: "Haya, mtoto wa kuzaliwa, ile barua ya marehemu umeshaisaini?"

Nilikuwa na kisu cha keki mkononi. Nikamwomba aandike namba yake mwenyewe kwenye kitambaa cha karatasi. Nikaongeza moja kwenye tarakimu ya nane, yenye uzito wa mbili, na mbili kwenye ya tisa, yenye uzito wa hasi moja, ili zifutane. "Jaribu sasa," nikasema. Akapiga hesabu. Ikagawanyika.

"Basi huyu ni wewe?" nikauliza.

Bibi Dijkhuis aliweka kipande chake cha keki mezani. Alikunja karatasi, akasema, "Jelmer, kuanzia Aprili usije tena kazini," kisha akaingia ofisini kwake, akafuta kifo cha Bwana Tolsma.

Nilipanda baiskeli, nikampelekea mzee nyumbani hati ya kuthibitisha kwamba yu hai. Mapazia yalikuwa wazi, kikombe kiko mezani, yeye hayupo. Jirani akaniambia gari la wagonjwa lilimchukua Jumanne.

Jumanne, dada. Barua yako nilikuwa nayo tayari.

Nilimkuta wodini, mrija puani, midomo ya buluu. Daktari hakutaka kuniahidi kitu. Mzee alifungua jicho moja.

"Wewe ni yule wa dirishani. Leo mimi niko hai?"

"Uko hai, Bwana Tolsma. Nimekuletea hati."

"Umegawanya?"

Nikasema hapana. Nikamshika mkono, kama alivyoniomba siku ile. Ulikuwa baridi, lakini aliubana wangu, na mpaka sasa naandika kwa mkono huohuo.

Mdogo wako,
Jelmer