Karatasi Nilizozianika Mwenyewe

Kwa mwanangu kipenzi,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani huko? Baba watoto hajambo? Na yule mjukuu wangu mdogo, kikohozi kimemwachia? Usimwogeshe maji ya baridi hata kama kuna jua, nimeshasema. Mimi huku mwili mzima. Goti ndilo linaloleta maneno asubuhi, nikishatembea kidogo linanyamaza. Majirani wazima, na yule fundi bomba wa mlango wa pili mpaka leo bomba lake mwenyewe linavuja, tukimwambia anasema hajajilipa.

Najua utashtuka kuona barua wakati simu ipo. Nimejaribu kwenye simu, mwanangu. Kila nikianza unanichekesha, nami nacheka, mara salio linakwisha, jambo limepita. Kwenye karatasi hutaweza kunikatiza. Mwandiko wangu unaujua, uvumilie. Nimempa dereva wa lori la saruji akufikishie mkononi kabla hujapanda basi kuja huku. Naomba kitu kimoja kwanza, halafu uendelee kusoma: hiyo Ijumaa mjomba wako Mzee Saa asiweke sahihi, na wewe usiweke. Lile fungu la nyumba analotaka kukuandikia, tuliache kwanza. Sababu nitaifikia, usiruke mistari kuitafuta.

Nianzie pale ulipokuja likizo na ile karatasi yako kubwa ya ukoo, ukaibandika ukutani sebuleni kwangu. Upande wa marehemu baba yako ulikuwa umejaa kama soko. Babu juu ya babu, na mistari ya wino mwekundu inashuka mpaka kwako. Upande wangu palikuwa na kisanduku kimoja kimeandikwa Mama, na juu yake Bibi Mkaa, basi. Juu ya hapo peupe kama shuka la hospitali. Shangazi yako alikuwa amekaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, akatazama, akasema kwa mzaha wake ule kwamba wifi yake kumbe ameota kama uyoga, mvua imenyesha usiku asubuhi huyo. Watu wakacheka. Nami nilicheka, nikaenda jikoni kutafuta kikombe ambacho sikukihitaji.

Niliporudi uliniuliza, mbele yao wote, kama nalikumbuka jina halisi la Bibi Mkaa, maana hukutaka kuandika jina la utani. Nikalitaja. Ukaniuliza na la baba yake, nikalitaja. Nikasema baba huyo alikuwa na nyumba yake, mtu mwenye hati, na kwamba binti yake aliondoka nyumbani akiwa msichana na hakurudi. Shangazi yako akaacha kucheka. Wewe ukanishika mkono ukasema, kumbe Mama unayo yote kichwani, siku zote umenyamaza tu.

Ukaenda na majina hayo kwenye ofisi za kumbukumbu. Nilidhani utatafuta siku mbili uchoke. Lakini wewe tangu utoto ukishika jambo hata usingizi hulali. Ukapata hati ya kiwanja yenye jina lile. Ukapata wosia, na ndani yake lile fungu, kwamba chumba cha mbele na sehemu yake ya kiwanja ni vya binti aliyetoka nyumbani, visigawanywe, vimngoje yeye au kizazi chake. Ukaingia na kwenye vitabu vya sensa, ukakuta msichana ameandikwa kwenye nyumba ile hesabu moja, na hesabu iliyofuata hayupo. Ulinipigia ukilia kwa furaha. Ulisema, Mama, kila ulichosema kimo kwenye karatasi, neno kwa neno. Mimi niliiweka simu kifuani. Ulidhani nalia pia.

Halafu ukampata Mzee Saa, mjukuu wa yule mwenye wosia, anatengeneza saa kwenye kibanda chake kumbe mitaa michache tu kutoka kwangu. Siku uliyonipeleka kwake ulikuwepo, uliona. Alivua ile miwani ya kioo kimoja anayoibana jichoni, akanitazama, akasema yeye alizoea kumsikia baba yake akimtaja dada yake kila mvua ikinyesha, yuko wapi, amelala wapi. Akaniita dada. Akasema nimechelewa sana, ila ukutani kwake kuna saa kila moja na wakati wake, lazima mojawapo inasema nimewahi. Wewe ulicheka mpaka ukaegemea meza. Mimi tangu siku ile sijacheka vizuri.

Ulipoondoka nilikwenda kwake peke yangu, nimekusudia kusema. Nimesimama tu mlangoni, akanyanyuka, akanipa kigoda chake mwenyewe, yeye akasimama. Akaniuliza kama mama yangu alikuwa anaimba, kwa sababu shangazi yake huyo walisema alipenda kuimba. Mwanangu, nilisema ndiyo. Niliingia na uongo mmoja nikatoka na mwingine juu yake, na saa yangu ya mkono imetengenezwa bure.

Sasa hili ndilo limenivunja. Wiki iliyopita alikuja kwangu mkamwana wake, yule mjane mshonaji, mke wa mwanawe aliyefariki. Unamjua, mdogo mdogo, anaongea na sindano mdomoni. Alisema anataka kunishonea nguo ya siku ya Ijumaa, nisiende kwa wakili kama mtu wa njiani wakati nina ndugu mshonaji. Akapiga magoti sakafuni kunipima urefu. Nikamwambia anyanyuke, akasema, shangazi, hapa ndipo kazini kwangu. Alipofika kwenye pindo akasema polepole, kama mtu anayezungumza na kitambaa, kwamba hana neno na fungu letu, wosia ni wosia, na yeye aliolewa tu kwenye nyumba ile. Ila mashine yake ya kushonea ipo chumba cha mbele, ndipo wateja wanapoiona. Mlango wa chumba cha uani ni mwembamba, mashine haipiti mpaka aifungue miguu, na mtu aliyemfungia ni marehemu mumewe, yeye hajui kuirudisha. Kwa hiyo aliomba tu binti yangu akija kuona chumba chake amwambie mapema kidogo, atafute fundi. Hakulia. Alichoma pini yake akaendelea.

Nguo ameimaliza. Imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango hapa ninapoandika, rangi ya kijivu, kola ameiwekea mshono wa juu kwa mkono. Inanikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Siwezi kuivaa.

Mwanangu, Bibi Mkaa hakuwa yule binti. Na yule mwenye wosia si babu yangu, wala simjui, wala hakuna aliyewahi kunisimulia habari zake.

Unakumbuka nilikuwa mfagiaji pale ofisi ya ardhi, kabla goti halijanistaafisha. Mwaka wa mwisho paa la chumba cha mafaili ya zamani lilivuja, karatasi zikalowa. Mkuu wa masjala, tuliyekuwa tukimwita Bwana Mihuri, alitutoa wafagiaji wote kwenye mafagio yetu. Tukafunga kamba kutoka dirisha mpaka dirisha, tukaanika hati na wosia kwa vibanio vya nguo, kama nguo za watoto. Kazi ya kuanika naijua, wakaniachia mimi. Zile zilizopigwa taipu zilikuwa na herufi kubwa, nami nikawa nazisoma kimoyomoyo nikizibana, herufi moja moja, najipima kama nimebakiwa na shule yoyote.

Wosia ule niliusoma nikiwa nimeinua mikono, kibanio kimoja mdomoni. Nikafika pale pa binti aliyetoka nyumbani. Nikausoma tena. Siku ya pili ulikuwa umekauka, lakini niliuacha kwenye kamba ili niusome mara nyingine. Sijawahi kuona mtu anangojwa kwenye karatasi. Baba yake ameshazikwa, na bado anamngoja, chumba cha mbele, si cha uani. Nikamwonea wivu. Majina yao yalibaki kichwani kama wimbo wa redio.

Basi shangazi yako aliposema uyoga, na wewe ukaniuliza, majina yaliyokuwa karibu na ulimi yalikuwa yale. Ulipofurahi kwamba karatasi zimethibitisha maneno ya mama yako, mwanangu, maneno yenyewe niliyatoa kwenye karatasi hizohizo. Ulikwenda mbali kote kule ukakuta alama za vidole vyangu.

Hata kibanio changu kimoja kiliacha kutu kwenye pembe ya wosia ule. Kwenye ile picha uliyonionyesha inaonekana, kijidoa cha rangi ya chai. Ulisema ni ukongwe.

Sikutaka nyumba ya mtu. Najua mwizi hasemi vingine, lakini sikujua kama wako hai, nilidhani watu wa kwenye hati ni watu waliokwisha. Na huenda huko mahali kizazi cha kweli cha yule binti kipo, mimi nimekikalia kiti chake, nimekunywa na chai yake. Hilo linanisumbua. Linalonisumbua zaidi ni Bibi Mkaa. Mwanamke aliyeninyanyua, nikamvua jina lake mbele ya watu, nikamvalisha la binti wa mtu mwenye hati, kwa sababu niliona aibu kwamba juu ya kisanduku chake hapana mtu. Na wewe ukalifuta lile Bibi Mkaa kwa ile dawa nyeupe ya kufutia, nikiwa nakutazama, nikakushikia kichupa.

Nasema aliyeninyanyua kwa sababu hakunizaa. Hili nalo nilikuficha. Ukubwani ndipo aliponiambia, na nikamwomba tusiliseme tena. Alikuwa amepeleka gunia la mkaa jikoni kwenye zahanati, akanikuta kwenye benchi la wagonjwa, nimeviringishwa kwenye shuka. Aliuliza, kila mtu akasema mama yake ametoka mara moja, anarudi. Akakaa kando yangu. Zahanati ikafungwa, mama hakurudi. Akanichukua chumbani kwake akisema kesho atanirudisha, mwenyewe ajitokeze.

Kumbe kesho yake ilikuwa siku ya kuhesabiwa watu. Kabla hajatoka, karani wa sensa alikuwa mlangoni na daftari lake. Wao huwa hawaulizi nani ni wa nani, wanauliza nani amelala hapa usiku wa kuamkia leo. Bibi Mkaa alisema, mimi na mwanangu. Aliniambia lilimtoka tu mdomoni. Karani akauliza mtoto anaitwa nani, akajikuta lazima ajibu, yule ameshashika kalamu. Jina ninaloitwa nililipata hapo, mlangoni. Karani alipoondoka, Bibi Mkaa aliniambia, aliona haya kunirudisha, maana serikali imeshaandika.

Kwa hiyo ukitaka ukoo wangu upo, na upo kwenye vitabu ulivyovizoea. Tafuta hesabu ya mwaka niliozaliwa, mtaa wa nyuma ya zahanati, vyumba vya wapangaji. Utakuta mwanamke, kazi yake muuza mkaa, na chini yake mtoto mmoja wa kike. Hapo sikupapata kwenye kamba yoyote. Jina lake la kweli kwangu ni lile ulilolifuta, Bibi Mkaa, nakuomba ulirudishe, na kisanduku cha juu yake kiache cheupe. Shangazi yako akicheka, acha acheke, ana meno mazuri.

Kwa Mzee Saa nitakwenda mwenyewe kesho asubuhi kabla hajafungua kibanda, na safari hii sitakaa kwenye kigoda. Nitamwambia shangazi yake bado hajarudi, amwekee fungu lake kama babu yake alivyotaka. Nguo nitaikunja nimpelekee mshonaji, na nitamwambia mashine isiguswe. Wakiniita jina lolote nitaitika. Sitakutaja kwa ubaya, wewe ulimwamini mama yako tu. Ukija Ijumaa nitafurahi, ukiona aibu usije, sitahesabu. Ila usikae na hasira njiani na mtoto mgongoni.

Nisalimie baba watoto, umwambie asome barua hii na yeye, sitaki mwingine adanganyike kwa ajili yangu. Wabusu wajukuu. Dereva mpe maji ya kunywa, ametoka mbali. Dawa ya kikohozi nimeifunga pamoja na barua hii, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Ni mimi mama yako,
mtoto wa muuza mkaa.