Limbuko Lililofungiwa Kabatini

Marahaba, mjukuu wangu Agnesi. Mama yako amepona mguu, na karoti zetu mwaka huu zimekubali.

Unauliza kwa nini serikali, iliyolipia utafiti wako, inataka kila mtu ausome bure, na gharama za kuuchapa uzipange tangu mwanzo. Kuhusu gharama, mbegu hutafutwa kabla ya mvua. Kuhusu kusomwa, ngoja nikusimulie.

Nilipokuwa binti, wataalamu wa serikali walipanda maharage kwenye shamba la ukoo wetu huku mlimani misimu mitatu, wakitafuta aina isiyoshikwa na ugonjwa wa kutu. Wakaondoka bila kutuambia walichogundua. Nikashuka kwa miguu hadi ofisini kwao, Morogoro mjini.

"Ripoti ipo kabatini," mkubwa wao akaniambia. "Ni ya wataalamu."

"Kwetu, anayelima shamba la ukoo huwaletea wenye shamba limbuko, mavuno ya kwanza," nikamjibu. "Ninyi mmelima, mmevuna. Limbuko letu liko wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Akafungua kabati.

Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, basi akanisomea kwa Kiswahili, nami nikaandika kwenye daftari mpaka mkono ukafa ganzi. Jumapili, baada ya misa, nikasimama nje ya kanisa nikaisoma yote. Msimu uliofuata mlima mzima ulipanda maharage yale yasiyoshikwa na kutu, na wakati wa kuvuna vigelegele vilipokezana bonde hadi bonde!

Daftari lile limechakaa kwa vidole vya watu. Nawe utafiti wako uweke wazi, Agnesi. Limbuko langu nalingoja, na safari hii sishuki mlimani kulifuata.

Bibi yako