Chebet Alisema Uzito wa Magunia

Jumatatu, 14 Julai

Nimeapa kuandika yote, hata ya aibu.

Leo nimechambua viazi tangu nitoke shule. Mdogo wangu Chebet, miaka minane, alipanga vyake kwa ukubwa, mstari mnyoofu. Nikasogeza kimoja. Akapiga mayowe hadi ng'ombe wakashtuka. Kosa langu. Namjua.

Baba alijaza lumbesa, yaani gunia linaloshonewa wavu juu lizidi kipimo. Sheria inakataza gunia kupita kilo hamsini. Broka, yule dalali wa viazi, hanunui bila hiyo. Molo nzima inajua, hakuna anayesema.

Jumanne, 15 Julai

Askari wa kaunti walisimamisha lori la broka langoni petu, likiwa limebeba magunia yetu.

"Ni kilo hamsini tu, boss," Baba akasema.

Chebet akatoka mbio. "Si kweli. Ni mia moja na kumi. Nilisoma mizani."

Askari mmoja akacheka. "Mzee, kumbe una mkaguzi wako!"

Mzigo wote umeshikwa. Broka amesema kwetu harudi tena. Chebet alidhani atasifiwa. Alimwuliza Baba mbona amenyamaza.

Jumatano, 16 Julai

Shuleni nilimsimulia Mwalimu wa Biolojia habari za Chebet, naye akanieleza polepole. Huenda Chebet ana Asperger, ambayo siku hizi huhesabiwa kuwa usonji. Si pepo. Si ukaidi. Si malezi mabaya. Ana akili sana, ila maneno huyachukua yalivyo, na mabadiliko madogo humwumiza. Daktari wa Nakuru ndiye wa kuthibitisha. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha.

Nikamkuta Shangazi Rael. Jumamosi atampeleka Chebet kwenye nyumba ya maombi. Huko watoto hawapewi chakula mpaka pepo litoke. Mtoto wa jirani alipelekwa mwaka jana. Alirudi haongei.

Nikataja daktari.

"Wewe vitabu vimekuharibu," Shangazi akasema. "Mtoto mwenye akili zake hawezi kumshtaki babake kwa askari."

Baba hakusema ndiyo. Hakusema la. Namchukia kwa hilo. Pia namwonea huruma.

Alhamisi, 17 Julai

Nguo za Chebet zimo kwenye mfuko. Baba ndiye aliyezitia, zikiwa zimekunjwa vibaya. Chebet akazitoa zote, akazikunja upya, akazirudisha. Kisha akaniuliza kama huko wanapika uji asubuhi. Nikamwambia sijui. Huo ni uongo. Wa kwanza kumwambia.

Mama yuko Naivasha, anafanya kazi kwenye shamba la maua. Hajui lolote. Simu iko kwa Baba, na Baba amekataa nimpigie. Shangazi hathubutu kitu Mama akiwepo.

Jirani anapakia kabichi. Dereva wake atapita Naivasha leo, na kurudi kesho jioni. Amekubali kumfikishia Mama barua. Nje kumetulia, ukungu umeshuka. Nitachana kurasa hizi zote, Mama aone yote kama yalivyo.

Mama, mpe dereva jibu arudi nalo: utafika kabla ya Jumamosi asubuhi?