Besi ya Shemeji Hezron

Roda, acha kupika kwanza, soma hii.

Ile besi ya shemeji Hezron ni saratani ya koo. Besi ile ile tuliyoipigia vigelegele kanisani Chapwa.

Si unakumbuka alivyokuwa anaimba sauti ya tatu, laini kama filimbi. Mwezi wa pili ikaanza kukwaruza, akasema ni vumbi la malori ya mpakani. Mwezi wa nne akaenda kwa bibi mmoja wa tiba za kienyeji akakatwa kimeo, mtu mzima na ndevu zake. Mwezi wa sita Nikodemo, mwalimu wa kwaya, akatangaza kwamba Mungu ametujibu, tumepata besi. Shemeji akatembea kifua mbele wiki nzima.

Leo daktari kampitishia kamera kooni, akamuuliza sauti hiyo ina muda gani. Shemeji akajibu kwa fahari, "Miezi saba, na bado inashuka."

Daktari hakucheka. Akasema uvimbe uko kwenye nyuzi za sauti tu, haujasambaa, na wengi wanaowahi mionzi hapo hupona. "Ungesubiri mpaka Krismasi, ningekuwa naongea na mkeo."

 

Ndipo Nikodemo, aliyetusindikiza, akauliza kama mionzi inaweza kusubiri tamasha la kwaya la Mlowo.

Nikajua shemeji atamzaba kofi. Shemeji akakohoa, akamwinamia daktari, na ile sauti tuliyomshukuria Mungu ikasema, "Solo yangu ni dakika mbili tu."