Jeki ya Baba na Maelekezo Yako

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana mama alitulea vizuri. Hujambo? Kile kikohozi kimekwisha? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, presha ya mama imetulia, na mimi nadunda, ila nimekukasirikia mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu, nikipandisha sauti tu, mtandao wako unakatika. Kaa chini usome.

Mguu wa baba umeisha uvimbe, sasa anatembea bila kushika ukuta. Hilo nakupa bure, kwa kuwa hukuuliza.

Sasa tuje kwenye jeki. Unajua baba akitaka kubadilisha tairi la pikipiki huilaza ubavuni juu ya gunia, kisha mgongo unamuuma wiki nzima. Wewe ukampigia ukamwambia achukue ile jeki ya magurudumu aliyokuwa akiinulia gari, atoe kile kisahani cha juu, afunge ubao kwa waya, aisukume chini ya pikipiki, halafu aweke matofali kwenye magurudumu ya jeki ili isikimbie. Ukamalizia kwa kumwambia, "Dada usimwambie, atakukataza." Ebo! Ndiyo, ningemkataza!

Hivi ulifikiri hata kidogo? Mkono wa jeki haupandi wima. Unapanda huku ukirudi nyuma, kwa hiyo jeki yenyewe lazima isogee mbele kuufuata mzigo. Ukiizuia kwa matofali, kinachoteleza ni ubao. Baba akafuata maelekezo yako neno kwa neno, maana yametoka kwako. Pikipiki ikapanda, ikayumba, ikamwangukia mguuni. Nilikuwa jikoni, nikasikia mshindo, nikatoka mbio na mwiko mkononi. Nilimkuta amekaa sakafuni anaiangalia pikipiki, mguu wala haushughulikii.

Na hata hilo ningekusamehe. Kila mtu hukosea. Kilichonichoma ni ule ujumbe wako wa sauti: "Mzee, mikono hiyo imezeeka, waachie vijana." Na kucheka juu! Ulijua vizuri ulichomwelekeza, ukajitia hamnazo, ukamtupia yeye mzigo. Una jicho kavu, ndugu yangu. Mama alikuwa palepale, alisikia, akatoka nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Mimi na shemeji yako tumeitengeneza upya. Si unajua mume wangu kazi yake ni kuchomelea? Mahali pa kisahani ameweka bamba la chuma lenye pini inayoingia kwenye tundu lilelile, kingo zake zimekunjwa kwenda juu, na mimi nimegandisha mpira wa tairi kuukuu ili chuma kisiteleze juu ya chuma. Pembeni kuna pete za kupitishia mikanda, pikipiki inafungwa pande zote mbili kabla haijapanda. Magurudumu ya jeki tumeyaacha huru. Pikipiki ikishafika juu tunaweka stendi za chuma chini yake, hatuitegemei jeki peke yake. Nimeipandisha mwenyewe, nikaisukuma kwa bega, haikutikisika.

Baba hajaigusa jeki hiyo. Mtu aliyekuwa akishusha injini ya lori kando ya barabara, leo anamwita jirani aje kumkazia mnyororo! Spana zake amezifunga kwenye gunia. Nimemweleza yote kuhusu matofali, anasema namfariji tu. Juzi kaniambia amempata mtu wa kuinunua pikipiki, atakuja kuichukua mwisho wa mwezi. Nilipombishia akanyoosha viganja vyake mbele yangu, akasema, "Hata mwanangu ameona." Nililia, sikufichi.

Kwa hiyo mimi usinitumie pole, na baba usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mpigie kabla huyo mtu hajaja. Mwambie, "Baba, nilikuelekeza vibaya." Usichanganye na utani, wala usianze kuniuliza mimi kama ni lazima. Ni lazima. Mimi nikisema haamini, anataka kusikia kwako.

Mama anakusalimu sana. Shemeji yako naye, na shangazi anasema umekuwa mtu wa kupotea. Mungu akulinde huko uliko, awape wanao afya, na wewe akulainishie hicho kichwa.

Baba nilimuuliza nikufikishie salamu gani. Akasema nikwambie usijilaumu, kosa lilikuwa la mikono yake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimefura hivi.